Je, neema inamhusu anayeanguka tena na tena?

Swali: Nimetubu ulevi mara nyingi, na kila mara narudia. Je, neema ya Mungu bado inanihusu?

Jibu: Inakuhusu, na Kanisa lilikabiliana na swali hili tangu zamani. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi waliogopa wakatii. Wengine walinunua hati za kuonyesha kwamba wametii. Novatian wa Roma alishikilia kwamba hao wasipokewe tena. Cyprian, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake waliamua mwaka 251 kwamba mlango wa toba usifungwe, ila toba yenyewe iwe ya kweli, hata ikichukua muda mrefu. Naamini waliona sawasawa, kwa maana Petro mwenyewe alimkana Bwana mara tatu, na kando ya moto wa makaa akakabidhiwa kondoo awachunge.

Kuna watakaosema huku ni kuhalalisha dhambi. Paulo aliikataa hoja hiyo katika Warumi sura ya 6. Sura inayofuata inamweleza mtu anayetenda asilolitaka. Anayejihalalishia dhambi hasumbuki kuuliza ulivyouliza. Basi usijifiche: mwambie mchungaji wako, umwone na daktari, kwani mwili uliozoea pombe unaweza kudhurika ukiiacha ghafla.