CHUJIO LA HEWA LA LORI: LA KUOSHA AU LA KUTUPA?

Injini ya dizeli hula hewa nyingi kuliko mafuta. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote, huhitajiwa kilo 14.5 za hewa kwa uchache, na kwa kawaida injini huvuta zaidi ya hapo. Kwa lori lifanyalo kazi Mkonze, pembezoni mwa Dodoma, hewa hiyo haiji peke yake. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu na upepo. Malori yabebayo mchanga na kokoto yanapoiacha lami, kila moja humtimulia vumbi lile lililo nyuma yake.

Vumbi hili lina ukali wake. Sehemu kubwa ya udongo wa uwanda wa kati imetokana na miamba ya graniti, na ndani ya graniti mna kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Chuma cha kawaida ni laini kuliko hayo. Chembe ndogo za kwatzi, zenye upana wa mikromita 5 hadi 20 hivi, huweza kupenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kuukwangua kama msasa. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Kwa hiyo adui mkubwa wa injini ni lile vumbi lisiloonekana kwa jicho, wala si changarawe.

Ukubwa wa jambo hili huonekana kwa hesabu. Chukulia injini ya mipigo minne, isiyo na tabochaja, yenye ujazo wa lita 10, ikizunguka mara 1,800 kwa dakika. Kila silinda hujazwa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini huvuta lita 10 × 900, yaani lita 9,000 kwa dakika, au mita za ujazo 540 kwa saa. Kila mita ya ujazo ikiwa na gramu 0.1 ya vumbi, gramu 54 hufika mlangoni mwa chujio kila saa. Chujio likamatalo asilimia 98 hupitisha gramu 1.08, likamatalo asilimia 99.9 hupitisha gramu 0.054 tu. Msomaji asidanganywe na ukaribu wa 98 na 99.9: la kwanza hupitisha vumbi mara 20 ya la pili. Kwa saa 100 za kazi, ni gramu 108 dhidi ya gramu 5.4.

Machujio ya kutupa hutengenezwa kwa karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa ili eneo lake liwe kubwa. Lililo zuri hukamata zaidi ya asilimia 99, na ajabu yake ni kwamba huzidi kukamata kadiri linavyotumika, kwa kuwa tabaka la vumbi juu ya karatasi nalo huwa chujio. Kasoro yake ni kuziba.

Machujio ya kuosha yako ya namna mbili. Ya zamani ni beseni la mafuta, lililozoeleka katika malori ya miaka ya 1960 na 1970. Hewa hushuka kwa kasi na kugeuka ghafula juu ya mafuta; chembe nzito, kwa inesha yake, hushindwa kugeuka na kunaswa. Hapa pana udhaifu wa kifizikia: injini ikizunguka polepole, kasi ya hewa hupungua na chembe ndogo hupita. Tena mafuta yakizidishwa katika beseni huweza kuvutwa hadi ndani ya injini, nayo ikaenda mbio bila kuzuilika. Namna ya pili ni pamba au sponji iliyopakwa mafuta. Hupitisha hewa kwa wepesi, lakini kwa kawaida hupitisha na vumbi zaidi kuliko karatasi. Kuosha kwake hudai maji, dawa ya kuoshea, mafuta ya kupaka, na mahali safi pa kukaushia. Chujio likianikwa uani mwezi wa Agosti hupata vumbi jipya upande ule uelekeao injini.

Katika gereji nyingi, hata hivyo, chujio la karatasi hupulizwa kwa upepo wa kompresa na kurudishwa. Baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa. Wengine huruhusu mara chache, kwa shinikizo lisilozidi kilopaskali 200 hivi, upepo ukitoka ndani kwenda nje. Kompresa ya kujazia matairi ya lori hutoa mara tatu au nne ya hapo. Karatasi hupata matundu yasiyoonekana, na mwenye lori hudhani ameokoa fedha.

Kwa lori la Mkonze, basi, karatasi ya kutupa ndiyo ifaayo, mradi itanguliwe na kifaa cha kuzungusha hewa kitupacho chembe kubwa nje kabla hazijafika kwenye chujio. Kifaa hicho hurefusha maisha ya karatasi na kupunguza gharama ambayo ndiyo hoja kuu ya wapendao ya kuosha. Lori kuukuu lenye beseni la mafuta laweza kuendelea nalo, ikiwa mafuta hubadilishwa mara kwa mara, pengine kila siku wakati wa kiangazi. Kuhusu wakati wa kubadilisha karatasi, geji ya mvuto ni shahidi bora kuliko macho: injini nyingi kubwa za dizeli huwekewa kikomo cha kilopaskali 6 hivi. Kulifungua chujio kila siku ili kulitazama huongeza nafasi ya vumbi kuingia.

Shule iliyo kando ya barabara ya vumbi yaweza kufanya jaribio. Vipande vya kioo vipakwe vaselini kwa wembamba na kufungwa juu ya mti mmoja, kwa kimo cha nusu mita, mita 1, 2 na 3. Baada ya saa moja chembe zihesabiwe kwa hadubini katika maeneo yaliyo sawa. Wanafunzi walinganishe hesabu hizo, kisha watazame ni kwa kimo gani malori yapitayo yamewekewa mdomo wa kuvutia hewa.