Mahakama ya Bwana, Haki ya Mkulima

Swali: Je, mahakama za mabwana shamba wa Uingereza ya kale zilikuwa chombo cha unyonyaji tu?

Jibu: Hapana, ingawa unyonyaji ulikuwapo. Mkulima alipofariki, kwa kawaida bwana alichukua mnyama wake bora, na faini ziliingia mfukoni mwa bwana huyohuyo. Lakini waliotamka mila ya mahali hapo walikuwa wanakijiji walioapishwa, na karani aliandika nani karithi shamba. Utasema karani alikuwa mtu wa bwana. Kweli kabisa, ila nakala ya maandishi yake ilimlinda mrithi, na baadaye hata mahakama za mfalme ziliiheshimu. Umiliki huo wa nakala ulidumu hadi 1926. Na mahakama ya aina hiyo ingali hai kule Laxton, Nottinghamshire: wazee wake wa baraza bado hukagua mashamba, hupigilia vigingi vya mipaka na kumtoza faini anayeivuka kwa plau.