Ua wa Miiba Hautoshi

Somo letu la mara hii linatupeleka Liboi, mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio karibu kabisa na mpaka wa Somalia. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya joto kali linalotajwa redioni. Waamini wenzetu walioko upande ule, katika Jimbo la Garissa, ni wachache, na wengi wao ni walimu, wauguzi na askari waliohamishiwa kazi huko. Lakini yaliyowapata wanawake wa Liboi zaidi ya miaka 30 iliyopita yanatufaa sisi sote tuliofunga ndoa, popote tulipo. Yanatufundisha kwamba ulinzi wa mtu hauanzi na ukuta wala bunduki ya askari. Unaanza na watu wa nyumba yake.

Yaliyotokea mpakani

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Watu walikimbia vita, na Liboi ikawa mlango wao wa kuingilia Kenya. Kambi ilifunguliwa hapo, kisha nyingine karibu na Dadaab: Ifo mwaka 1991, Hagadera na Dagahaley mwaka 1992. Kambi ya Liboi ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na watu wakahamishiwa kwingine.

Akina mama walionusurika risasi walikuta hatari nyingine. Usiku majambazi wenye bunduki, ambao watu wa huko huwaita shifta, waliwavamia vibandani. Mchana waliwavizia wanawake na wasichana waliokwenda porini kutafuta kuni. Katika miezi saba tu ya mwaka 1993, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliandikisha visa 192 vya kubakwa katika kambi za Kaskazini Mashariki, na ilijulikana wazi kwamba wengi zaidi walinyamaza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo watetezi wa haki za binadamu wa Africa Watch walitoa taarifa juu ya mambo hayo. Walieleza pia kwamba baadhi ya watendaji walikuwa askari, watu waliotumwa kulinda.

Kwa nini wengi walinyamaza? Hawakuwaogopa shifta peke yao. Waliogopa nyumbani. Baadhi ya wake waliojulikana kuwa wamebakwa waliachwa na waume zao, na wasichana waliogopa kwamba hawataolewa tena. Hivyo mwanamke aliumizwa porini na mtu asiyemjua, kisha akaumizwa mara ya pili na yule aliyepaswa kumfunga jeraha.

Kuni na ua

Hatua zilichukuliwa, na tuzitaje kwa haki. Miiba ilipandwa kuzunguka makao ili kuwa ua. Polisi waliongezwa. Mawakili wanawake wa FIDA walisaidia katika kesi. Baadaye mahakama ya kuhamahama ilianza kuketi Dadaab, ili shahidi asisafiri safari ndefu hadi mjini Garissa. Na kuanzia mwaka 1998 familia ziligawiwa kuni, ili mama asilazimike kwenda porini kila siku.

Mwaka 2001 wataalamu walipima matokeo ya kuni hizo. Waliona kwamba nyumba zilipokuwa na kuni za kutosha, visa vya kubakwa porini vilipungua karibu nusu. Hilo ni jema. Lakini katika nyakati hizo hizo visa vya kubakwa mahali pengine viliongezeka. Uovu ulifungiwa njia moja ukatafuta nyingine.

Liboi haikuwa peke yake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wasichana 19 walikufa na zaidi ya 70 walibakwa. Waliowavamia hawakutoka nje. Walikuwa wavulana wa shule hiyo hiyo. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Ua unaweza kumzuia fisi. Hauwezi kumzuia mtu ambaye tayari yumo ndani.

Sheria ilivyokaribia nyumba

Ndugu msomaji, ukitazama safari ya nchi yetu utaona kwamba sheria nayo ilianza mbali, ikasogea nyumbani polepole.

Kwa miaka mingi kubaka kulishtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza, katika sehemu ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba kilichoumizwa ni adabu ya mji na si mwili wa mtu. Mahakamani neno la mwanamke halikutosha. Alitakiwa kuwa na ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Ni mwaka 2003 tu ndipo Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba sharti hilo ni ubaguzi.

Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2022. Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo iliweka vifungo vizito: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu yake ni kifungo cha maisha. Lakini sheria ilipofika kwenye mlango wa chumba cha mume na mke, ilisimama. Kifungu cha 43, kinachoeleza maana ya kumlazimisha mtu, kinasema hakiwahusu watu waliooana kisheria.

Katiba ya mwaka 2010 ikaenda mbele zaidi. Kifungu cha 29 kinasema mtu asitendewe ukatili, uwe unatoka serikalini au kwa mtu binafsi. Kifungu cha 45 kinawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Mwaka 2011 ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu. Mwaka 2014 Sheria ya Ndoa ikasema hakuna kuoa wala kuolewa kabla ya miaka 18.

Hatimaye, mwaka 2015, ilikuja Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Hii ndiyo iliyovuka kizingiti. Inahesabu kuwa ukatili si kupiga tu, bali pia kutisha, kudhalilisha, kumnyima mwenzako pesa za kuishi, na kumlazimisha katika tendo la ndoa. Aliyeumizwa anaweza kwenda kwa hakimu akaomba amri ya ulinzi, na mwenye kuivunja anatenda kosa.

Je, sheria zimetosha? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Wanaume nao walikuwa 27 kati ya 100, kwa hiyo tusimcheke baba anayesema kwamba ameumizwa. Kati ya Agosti na Oktoba 2024 polisi walihesabu wanawake 97 waliouawa. Januari 2025 Rais aliunda jopo la kulichunguza janga hili, likiongozwa na Nancy Baraza, aliyewahi kuwa Naibu wa Jaji Mkuu. Jopo, sheria na mahakama ni ua wetu, na tunauhitaji. Lakini mlango wa nyumba yako unafunguliwa na kufungwa na wewe.

Chumba cha mume na mke

Hapa tuseme wazi, maana aibu yetu imewasaidia wakosaji. Kuna mume anayerudi usiku akiwa amelewa na kudai "haki yake" kwa mke mgonjwa au aliyechoka. Akikataliwa, huinua mkono, au kesho yake huacha pesa za unga akiwa amezikunja mfukoni. Kisha huisaidia dhamiri yake kwa kusema kwamba Mtakatifu Paulo aliandika mke hana mamlaka juu ya mwili wake. Bwana, soma mstari wote! Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, neno lile lile analoambiwa mke anaambiwa na mume, tena katika mstari huo huo.

Wengi wetu tukisikia Humanae Vitae, barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, tunafikiri juu ya uzazi wa mpango tu. Tufungue namba 13. Hapo Papa anafundisha kwamba tendo la ndoa ambalo mmoja anamlazimisha mwenzake, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo. Kanisa lilifundisha hivyo miaka 47 kabla ya sheria ya Kenya ya 2015. Basi Mkatoliki asiseme kwamba jambo hili limeletwa na wanaharakati wa Nairobi.

Tusiuze jeraha la mtu

Huko Kaskazini Mashariki kuna desturi ya maslaha. Wazee wa pande mbili hukaa, husikilizana, na fidia hulipwa, mara nyingi kwa mifugo. Desturi hiyo imezima vita vingi vya koo, na inastahili heshima. Lakini ikitumika msichana anapobakwa, wazee huafikiana, mifugo hupokelewa, na yeye mwenyewe hayumo kikaoni. Aliyemtenda anaendelea kukutana naye kisimani.

Tusiwanyoshee kidole ndugu zetu wa huko. Kwetu bara tunayo maslaha yetu: mbuzi wawili na kikao cha wajomba sebuleni, kisha mtoto anaambiwa asiharibu jina la familia. Hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo wapo wanaomwambia mama mwenye jicho lililovimba, "Dada, vumilia, ni msalaba wako." Msalaba wa Kristo si ngumi ya mume. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka na kukaa mbali ikiwa mwenzake ni hatari kubwa kwa roho au mwili wake au wa watoto. Na kukiwa na hatari ya kuchelewa, anaweza kuondoka hata kabla ya kupata ruhusa ya Askofu. Kifungo cha ndoa hakivunjwi kwa kujiokoa. Hatari ikiisha kweli, mlango wa kupatana upo.

Mtu wa nyumbani akiumizwa

Baba na mama, yashikeni haya kabla hayajahitajika.

Kwanza, mwambieni aliyeumizwa: "Nakuamini, na kosa si lako." Mume ambaye mkewe amebakwa, neno lako la kwanza atalikumbuka maisha yake yote. Usimwulize alikuwa amevaa nini wala alikuwa akipita wapi.

Pili, mpelekeni hospitalini upesi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea ni hasara. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Tatu, pigeni ripoti polisi, na muulizie dawati la jinsia. Fomu ya P3 hutolewa bure. Mkiwa mbali na kituo, simu ya bure ya 1195 hupokea habari za ukatili, na ya 116 ni ya watoto.

Nne, msikubali kikao chochote cha kumaliza jambo kimyakimya. Mtafuteni paroko, katekista au mama wa jumuiya mnayemwamini, awasindikize, asiwanyamazishe.

Na wewe unayesoma haya ukijua kwamba mkono wako ndio unaopiga, usingoje hakimu. Leo mwambie mkeo, bila kujitetea, kwamba ulilofanya ni kosa. Tafuta padre, tafuta na mshauri. Kama pombe ndiyo mwalimu wako, achana nayo. Toba ya kweli haiwazuii walioumizwa kutafuta ulinzi.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayetumwa mahali pa hatari au gizani: kisimani, kuni, dukani usiku? Tunaweza kugawana kazi hizo namna gani?

2. Je, kila mmoja wetu anaweza kusema "leo hapana" bila kuogopa? Kama sivyo, hofu hiyo imetoka wapi?

3. Binti au mwana wetu akiguswa vibaya na jamaa tunayemheshimu, atamwambia nani? Tumewahi kumwambia kwamba tutamwamini?

4. Je, jumuiya yetu imewahi kumaliza jambo la namna hii kwa mbuzi? Aliyeumizwa yuko wapi leo, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumwona wiki hii?