Pikipiki Kuukuu: Pima Umeme Kwanza, Nunua Vipuri Baadaye

Katika maboma mengi ya Kericho na Bomet kuna pikipiki kuukuu iliyoegeshwa stoo, imefunikwa gunia na kuku wanalala juu yake. Nyingi ni Honda, Yamaha au Suzuki zilizotumika kabla pikipiki za bodaboda hazijaenea, jambo lililoongezeka kasi baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008. Injini zake ni imara, na mara nyingi zinaweza kufanya kazi tena. Kinachowashinda wengi ni umeme.

Kosa la kawaida ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Mwenye pikipiki hununua betri, kisha koili, kisha rektifaya, na taa bado haiwaki. Fedha za bonasi ya chai huisha hivyo. Somo hili linaeleza jinsi ya kutafuta hitilafu hatua kwa hatua, kwa kutumia kipimo cha umeme ambacho mafundi hukiita testa.

Kwa nini umeme huharibika sana huku

Maeneo ya chai yako takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua karibu mwaka mzima. Maji huingia kwenye viungo vya waya na kuacha kutu ya kijani juu ya shaba. Kutu hiyo huzuia umeme kupita hata kama waya kwa nje unaonekana mzima. Pikipiki iliyokaa stoo ina adui mwingine: panya, ambao hutafuna waya chini ya kiti na tangi.

Athari yake si ya fedha pekee. Ukungu ukishuka alasiri, au mkulima akirudi usiku kutoka kituo cha kupeleka majani ya chai, pikipiki isiyo na taa ya nyuma haionekani na dereva wa lori mpaka awe karibu mno. Taa ya breki isiyowaka inaweza kugharimu maisha.

Anza na karatasi

Kabla ya kutumia shilingi moja, hakikisha logbook ipo na kwamba nambari ya fremu na ya injini zinalingana na zilizoandikwa humo. Kama aliyeandikishwa ni marehemu, familia ikamilishe masuala ya urithi kwanza. Huduma za NTSA za kubadilisha umiliki hupatikana kupitia eCitizen. Pikipiki iliyotengenezwa vizuri lakini isiyo na karatasi haiwezi kutumika barabarani kihalali.

Hatua ya 1: Betri

Soma kwanza ikiwa pikipiki ni ya volti 6 au 12. Honda CG125 za mwanzo, zilizotoka katikati ya miaka ya 1970, zilikuwa za volti 6. Za baadaye ni za volti 12. Balbu ya volti 6 ikiwekwa kwenye mfumo wa volti 12 huungua mara moja. Balbu ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 huwaka hafifu, na fundi asiyeangalia huanza kulaumu waya.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.6. Ya volti 6 husoma karibu 6.3. Ikiwa betri ya volti 12 inasoma chini ya 12, ichajiwe kisha ipimwe tena siku inayofuata. Ikishuka yenyewe bila kutumika, imekwisha.

Hatua ya 2: Fyuzi

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampia zilezile. Usifunge kwa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi hukatika kwa sababu kuna mahali waya umegusa chuma. Ukiizuia isikatike, waya wenyewe ndio utakaowaka, na uko chini ya tangi la petroli.

Hatua ya 3: Athi

Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizofufuliwa hukwama. Umeme hutoka upande chanya wa betri, hupita kwenye taa, kisha hurudi upande hasi kupitia chuma cha fremu. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita athi. Mwenye pikipiki anapopaka fremu rangi mpya, rangi hufunika sehemu ambazo athi hufungwa. Pikipiki inang'aa kama mpya lakini taa zinafifia, au ukiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inapepesa.

Kipimo ni rahisi. Weka testa kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, wa pili kwenye chuma kinachoshika balbu ya breki. Kanyaga breki. Testa ikisoma zaidi ya volti 0.3, athi ni mbovu. Kwangua rangi kwa msasa mahali pa skrubu mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Kazi hii haigharimu zaidi ya kipande cha msasa, na inafaa kufanywa kabla ya kununua kipuri chochote.

Hatua ya 4: Viungo vya waya

Tenganisha kila kiungo kimoja kimoja. Safisha kutu ya kijani, kaza vichwa vilivyolegea na urudishe. Waya uliokakamaa na kupasuka ukiukunja ubadilishwe wote. Kuunganisha vipande vitano kwa selotepu ni kuongeza sehemu tano za kuharibika mvua ikinyesha.

Hatua ya 5: Moto wa plagi

Kama injini haiwaki, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, na uigusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli. Piga kiki. Cheche ikiwa ya buluu na kali, tatizo huenda liko kwenye kabureta. Ikiwa haipo, usikimbilie koili.

Kwenye pikipiki nyingi za magineto, swichi ya kuzima injini hufanya kazi kwa kupeleka moto wa plagi kwenye athi. Waya wake ukichubuka au swichi ikijaa maji, injini huwa kama imezimwa muda wote. Tenganisha waya huo kisha jaribu tena. Cheche ikirudi, umepata hitilafu. Rekebisha swichi kabla ya kuendesha, kwa sababu bila hiyo injini haiwezi kuzimwa kwa haraka.

Bado hakuna cheche? Pikipiki za zamani zina pointi zinazofunguka na kufunga ndani ya magineto. Zisafishe, kisha pima nafasi yake zikiwa wazi kabisa. Kwa nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Pointi zikiungua upya baada ya siku chache, kondensa ndiyo ya kubadilishwa.

Hatua ya 6: Kuchaji

Injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kati, betri ya volti 12 inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12, haichajiwi: kagua waya za magineto, kisha rektifaya. Ikipita 15, reguleta imeharibika na itachemsha betri.

Si kila taa inayofifia ina hitilafu. Katika pikipiki kadhaa za zamani taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa magineto, hivyo hufifia injini ikipunguza mwendo. Kwa mfumo huo, balbu moja ikiungua ibadilishwe haraka, maana iliyobaki hupata umeme mwingi na kuungua pia.

Betri iliyokwisha

Betri kuukuu ina risasi na asidi. Isimwagwe shambani wala kutupwa karibu na mito kama Itare na Kipsonoi, ambayo watu na mifugo huitegemea. Irudishwe kwa muuzaji wa betri au mnunuzi wa vyuma chakavu anayezipokea. Asidi ikimwagika kwenye ngozi, ioshwe kwa maji mengi mara moja.

Kabla ya kutoka barabarani

Kagua taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa na honi, kisha mwagia pikipiki maji na ukague zote tena. Hitilafu inayojitokeza uani ni nafuu kuliko inayojitokeza usiku kwenye mteremko. Vijana wanaotaka kufanya kazi hii kuwa riziki waulize kuhusu kozi za ufundi wa magari na umeme katika kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti kilicho karibu nao.