Taa za LED katika banda la kuku: kwa nini zinacheza-cheza, na variateri ina kazi gani?

Kila tunapopita kwa wafugaji wa upande wa Nyiragongo na Rutshuru, swali moja linarudi: «Nimenunua ampuli mpya za LED, mbona zinacheza-cheza? Na mbona kuku wamepunguza mayai?» Wengi wanadhani hayo ni mambo mawili. Mara nyingi ni jambo moja, na ndiyo sababu gazeti la kilimo leo linazungumza juu ya kurani.

Tuanze na kuku mwenyewe. Hapa kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili ya asubuhi na linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, Januari kama Juni. Hizo ni saa 12 za mwanga, na kuku wa mayai anataka saa 14 hadi 16 ili atage vizuri. Mwanga unaingia kwa jicho lake na hata kupitia mfupa wa kichwa, unaamsha sehemu ya ubongo inayoagiza mayai yatengenezwe. Kwa hiyo mufugaji anayeongeza saa mbili za taa kwa siku hafanyi anasa. Anafanya kazi ileile ya kuongeza chakula.

Lakini mwili wa kuku unahesabu. Ukimpa saa 16 wiki hii, halafu kurani ikakatika na akabaki na 12 wiki nzima, yeye anaelewa kwamba majira yamebadilika. Anapunguza kutaga, na wengine wanaanza kunyonyoka manyoya. Tunaona heri saa 14 zinazofika kila siku kuliko 16 zinazokuja na kupotea. Na kuku wadogo ambao hawajafikisha wiki 16 musiwaongezee saa za mwanga hata kidogo: watataga mapema, mayai madogo, na wengine watapasuka nyuma.

Sasa tuingie kwa taa. Tangu mtambo wa maji wa Matebe uanze kazi Desemba 2015 na megawati zake 13,8, na mtambo wa jua wa Nuru kule Ndosho mwaka 2020, nyumba nyingi zaidi za Goma na za kandokando ya barabara ya Rutshuru zimepata kompteri. Watu wakafanya hesabu nzuri: ampuli ya zamani ya wati 60 inatolewa, ya LED ya wati 8 au 9 inawekwa, mwanga ni uleule. Hesabu hiyo ni sahihi. Shida inatoka kwa kile kifundo cha kuzungusha ukutani ambacho mafundi wetu wanakiita variateri, ambacho wafugaji wengine wanakitumia ili taa ipungue polepole jioni na kuku wapande kwenye fito zao kabla giza halijaingia.

Variateri ya kawaida haipunguzi kurani kama robine inavyopunguza maji. Kurani yetu inakuja kwa mawimbi 50 kila sekunde, na variateri inakata kipande cha kila wimbi. Ampuli ya zamani haikujali, kwa sababu ndani yake ni uzi wa moto tu, na uzi haupoi haraka kati ya kipande na kipande. LED ni kitu kingine. Kwenye shingo yake kuna kifaa kidogo kinachogeuza kurani ya mawimbi kuwa kurani ya mstari mmoja, kama ile ya batri. Kifaa hicho kikipewa mawimbi yaliyokatwa-katwa, na hakikutengenezwa kwa hayo, kinawaka na kuzima, kinalia kama nyuki, na baada ya wiki chache kinakufa.

Kuna sababu ya pili ambayo watu hawaijui. Musome maandishi madogo nyuma ya variateri. Mara nyingi imeandikwa kitu kama «60–300 W». Maana yake chini ya wati 60 haifanyi kazi vizuri. Zamani mulikuwa na ampuli nne za wati 60, jumla 240: sawa. Leo muna LED nne za wati 9, jumla 36. Variateri haioni mzigo wa kutosha, inashika na kuachia, na taa zinacheza. Muuzaji wa ampuli hana kosa, na kampuni ya kurani pia haina kosa.

Dawa yake? Ya rahisi kuliko zote ni kuondoa variateri na kuweka interapteri ya kawaida. Hapo LED yoyote nzuri inatulia. «Lakini jioni kuku watabaki chini, taa ikizimika ghafula!» Ndiyo, mfugaji anayesema hivyo amewaangalia kuku wake vizuri. Basi saa za ziada musiziweke jioni. Muziweke asubuhi. Taa iwake saa kumi ya usiku, jua lije lenyewe saa kumi na mbili, na jioni giza la Mungu liingie polepole kama kawaida. Kuku watapanda bila kusukumwa. Hizo ni saa 14 kamili, bila variateri. Kwa maoni yetu, mabanda mengi madogo hayana haja ya kifundo hicho. Saa ya kuwasha na kuzima yenyewe, ile ya kuchomeka ukutani, ina faida zaidi, maana inaamka hata kama mwenye banda amelala.

Anayetaka kabisa kubaki na variateri anunue ampuli iliyoandikwa kwenye karto kwamba inakubali variateri. Karto nyingi zinaandika «dimmable», na zile zisizokubali zinaandika «non dimmable» au zinachora kifundo chenye msalaba juu. Anunue pia variateri iliyotengenezwa kwa LED, yenye kiwango cha chini kidogo. Ukikosa feza za variateri mpya, kuna ujanja mmoja: kwenye mstari huo wa taa nne, rudisha ampuli moja ya zamani ya wati 40. LED tatu ni 27, jumla na ile ya 40 inakuwa 67, juu ya 60, na variateri inatulia. Lakini hizo LED tatu lazima ziwe zile zinazokubali variateri. Ujanja huu hauponyi LED ya aina nyingine.

Utajuaje shida iko kwa ampuli, kwa variateri au kwa nyaya? Toa ampuli inayocheza, uiweke chumba kingine chenye interapteri ya kawaida. Ikitulia kule, ampuli ni nzima, angalia variateri. Ikicheza kule pia, ampuli imechoka. Na kama taa zote za nyumba zinacheza, pamoja na za vyumba visivyo na variateri, acha kutafuta kwa ampuli. Shida iko kwa nyaya au inatoka nje. Jaribio jingine: elekeza kamera ya simu kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inapita-pita kwenye kioo cha simu, taa hiyo inacheza hata kama jicho lako halioni. Jicho la kuku ni kali kuliko letu kwa jambo hili. Taa unayoiona imetulia yeye anaweza kuiona inapiga-piga, na banda zima linakuwa na woga.

Watu wanatuuliza pia juu ya ampuli inayobaki na mwanga hafifu hata ikizimwa. Si uchawi. Pengine interapteri ina kataa kadogo kekundu ndani, na kurani kidogo inapita humo. LED inatosheka na hicho kidogo. Hiyo haina hatari kubwa. Lakini pengine fundi alipitisha waya usio wa moto kwenye interapteri, na waya wa moto akauacha uende moja kwa moja hadi kwenye ampuli. Hapo hata ukizima, shingo ya ampuli ina volti 220, na anayebadilisha ampuli akiwa na mikono ya maji anaweza kufa. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kugusa, teremsha dijonteri. Interapteri peke yake haitoshi.

Hapa musituchukulie mchezo. Kama siku moja taa za chumba kimoja zinawaka sana kuliko kawaida na za chumba kingine zinafifia kwa wakati uleule, na zinabadilika mukiwasha pasi au mashine, kuna uwezekano mkubwa waya wa nyutri umekatika au umelegea. Kwa nyumba yenye nyaya tatu za moto, volti inaweza kupanda mbali sana juu ya 220 na kuchoma kila kilichochomekwa. Teremsheni dijonteri kubwa, muite fundi wa kampuni inayowauzia kurani, na mtu asipande kwenye mti wa umeme. Vilevile interapteri yenye joto, harufu ya plastiki iliyoungua, au doa jeusi ukutani: izimwe siku hiyohiyo. Banda la mbao na maranda chini linaungua kwa dakika chache, pamoja na kuku wote.

Banda lenyewe linaua ampuli. Vumbi la chakula, mvuke wa mkojo wa kuku unaochoma macho, na unyevu wa upande wa Kibumba vinakula shaba kwenye maungio. Tumieni soketi iliyofungwa vizuri isiyopitisha maji, mufute ampuli kwa kitambaa kikavu kila wiki taa zikiwa zimezimwa. Ampuli yenye vumbi inatoa mwanga kidogo. Kipimo chetu ni hiki: chutama pale kuku wanapokula, ufungue gazeti hili. Kama unaweza kulisoma, mwanga unatosha. Rangi ya manjano, ile wanayoandika 2700 au 3000 K, inafaa.

Wale ambao mstari wa umeme hauwafikii, au ambao mstari wao vita vimeukata zaidi ya mara moja, wafikirie pano ya jua na ampuli za volti 12. LED mbili za wati 5, kwa saa mbili, zinakula wati-saa 20. Batri ya volti 12 yenye 20 Ah inabeba 240. Tukitumia nusu tu ili isife mapema, tuna 120, ni sawa na asubuhi sita hata mawingu yakifunika. Lakini variateri ya ukutani ya volti 220 haiingii kamwe kwenye mstari wa batri. Na kwenye konvertiseri za bei ndogo pia isiwekwe, kwa sababu mawimbi yake yana pembe, si ya mviringo. Variateri inalia, inapata moto na inaungua.

Bado vifaranga. Mama mmoja alituonyesha kasha lake la kulelea: alikuwa ametoa ampuli mbili za zamani akaweka LED, taa nzuri kabisa, na asubuhi ya pili vifaranga vingi vilikuwa vimekufa, vimelundikana kwenye pembe moja. Ile ampuli ya zamani haikuwa taa tu, ilikuwa jiko lao. Karibu nguvu yake yote ilitoka kama joto. LED haiwezi kazi hiyo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35 kwenye usawa wa mgongo wake, halafu munapunguza digrii mbili au tatu kila wiki. Kwa usiku wa Goma hiyo ni kazi. Tumieni ampuli maalumu ya joto, au chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, au babula ya makala iliyowashwa nje hadi moshi uishe, ikawekewa kizuizi, na dirisha la juu likabaki wazi, kwa sababu hewa ya makala haina harufu na inaua vifaranga na mtu. Viangalieni vyenyewe: vikilundikana chini ya joto, vinasikia baridi; vikikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi; vikitawanyika na kula, muende kulala.