Mzigo wa Punda na Mahali pa Kuuweka

Punda wa Bura ana kazi nyingi. Huleta maji nyumbani, huleta kuni za mathenge, hubeba mahindi, na mara nyingi juu ya mzigo hupanda mtu. Wenye punda wengi hupima kwa njia moja tu: mnyama akiweza kusimama na mzigo, basi ameuweza. Kipimo hicho hakitegemewi, kwa maana punda ni mvumilivu mno, naye huweza kutembea siku nyingi na mgongo ulioumia pasipo kulia.

Kipimo kilicho bora ni kuhesabu kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20, mbali na mtungi wenyewe. Punda wengi wa nchi hizi wana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi, na waganga wa mifugo hushauri ya kuwa punda mzima asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 au 50. Basi mitungi miwili yamtosha. Mitungi minne ni kilo 80. Kijana wa kilo 35 akipanda juu yake, jumla ni kilo 115. Ni kama mtu kumbeba mwenzake mgongoni kutoka mtoni hadi nyumbani, tena kila siku, katika jua la Bura.

Hata farasi, ambaye ni nadra katika bonde la Mto Tana, amepimwa vivyo hivyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitangaza habari za farasi wanane waliobebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Walipobeba 25 na 30, mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi na misuli yao iliuma kuliko walipobeba 15 na 20. Punda, kwa kadiri ya mwili wake, ni hodari kuliko farasi, lakini uhodari huo una mwisho. Nchini Uingereza punda wachukuao watoto ufuoni, ambao wengi ni wakubwa kuliko wa Bura, hawapandwi na mtu apitaye kilo 50 hivi.

Uzito si jambo pekee. Kilo 40 zilizowekwa vibaya huumiza kuliko 50 zilizowekwa vema. Mzigo usikalie uti wa mgongo, wala usiegemee kiunoni, bali ulale juu ya mbavu, nyuma ya mabega, pande zote mbili sawasawa. Tandiko la kufaa halihitaji fedha nyingi: mito miwili ya gunia iliyojazwa majani makavu na kushonwa pamoja, na katikati ibaki nafasi ili kitu cho chote kisiguse mfupa. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi. Afadhali ukanda mpana wa gunia. Mtungi nao ujazwe kabisa, kwa kuwa maji yanayochezacheza humyumbisha mnyama.

Mwenye kuhitaji maji mengi heri atumie mkokoteni, kwa kuwa punda huvuta mzigo mkubwa kuliko awezao kubeba, maadamu magurudumu ni mazuri na uzito haumlemei shingoni. Wakati wa mvua, udongo mzito wa Bura ukishika magurudumu, mzigo upunguzwe.

Nywele nyeupe mgongoni mwa punda mweusi au wa kijivu mara nyingi ni alama ya kidonda kilichopona. Kidonda kibichi huoshwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Oili chafu ya gari na maji ya betri visitiwe kamwe, kwani huunguza nyama. Kumtumikisha mnyama mwenye kidonda, na kumpakia kupita kiasi, ni makosa katika Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Punda huyo apumzishwe hata ngozi ifunge, na tandiko lililomjeruhi litengenezwe kabla hajarudishwa kazini.