Rangi za Kwezi: Picha za Ndege za Karne ya 19 na Ufundi wa Maelezo katika Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi akiombwa amweleze kwezi anayedonoa chini ya migunga ya Kitengela au Kajiado, aghalabu hujibu kwamba ni "ndege mzuri wa buluu". Jibu hilo si kosa, ila halimtenganishi ndege huyo na mwenzake. Makala haya yanachunguza jinsi wachoraji wa karne ya 19 walivyokabiliana na tatizo hilo hilo, na funzo analoweza kulipata mwanafunzi wa Kiswahili.

Picha zilizotiwa rangi kwa mkono

Kwezi huyu alipewa jina la kisayansi, Lamprotornis superbus, na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1845, katika kitabu kuhusu ndege wa kaskazini-mashariki mwa Afrika chenye picha 50 za Joseph Wolf. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, nalo lina maana ya ndege ang'aaye. La pili ni Kilatini, yaani mwenye fahari.

Enzi hizo mchoro ulifanywa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, kisha ukachapwa kwa wino mweusi pekee. Nakala moja ilitiwa rangi iwe kielelezo, na mafundi, wakiwemo wanawake wengi, wakaiiga kwa brashi na rangi za maji, karatasi baada ya karatasi. Kwa hiyo nakala mbili za kitabu kimoja huweza kutofautiana, mithili ya miswada ya utenzi mmoja iliyonakiliwa na waandishi tofauti.

Tatizo la pili lilikuwa jicho. Mchoraji mara nyingi alitazama ngozi iliyokaushwa, ambayo haina jicho tena. Ilhali jicho ndilo ushahidi: kwezi wa Rüppell ana jicho jeupe, na kwezi wa Hildebrandt, aliyeelezwa na Cabanis mwaka 1878 na ambaye pia hupatikana Kajiado, ana jicho jekundu. Iwapo mkusanyaji hakuandika rangi hiyo mapema, mchoraji alilazimika kubahatisha.

Tatu ni mng'ao. Buluu ya kwezi haitokani na rangi iliyomo katika unyoya bali na jinsi unyoya ulivyoundwa kuakisi mwanga; hivyo hubadilika ndege anapogeuka. John Gould, katika kitabu chake cha 1849 hadi 1861 kuhusu ndege wadogo wa Amerika wafyonzao maua, alitumia hata dhahabu iliyofuliwa nyembamba ili kuukaribia mng'ao wa aina hiyo.

Rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina mashina matatu ya vivumishi vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu: kijivu kwa jivu, kijani kwa jani, manjano kwa kiungo cha chakula, zambarau kwa tunda. Wapo wanaouona huu kuwa upungufu. Sisi tunauona kuwa ni mbinu hai: msemaji hutazama kitu, akatafuta mfano wake. Kwa mbinu hiyo twaweza kuandika:

Kwezi wa Rüppell ana kichwa cheusi. Mgongo wa buluu inayogeuka kijani juani. Mkanda mweupe kati ya kifua cha buluu na tumbo la rangi ya kutu. Na jicho jeupe. Kwezi wa Hildebrandt hana mkanda huo, na jicho lake ni jekundu.

Hitimisho

Maelezo hayo yanatosha kuwatenganisha ndege wawili ambao wengi wetu huwaita kwa jina moja. Leo, nyanda za Kitengela zinapogawanywa viwanja na kuzungushiwa ua, lugha iliyozoea kusema "ndege" tu haitaweza kushuhudia ni ndege yupi aliyeondoka.

Zoezi

Mchague ndege mmoja wa mtaani kwako. Mtazame akiwa hai, ukianza na jicho, kisha umweleze kwa sentensi tatu bila kutumia neno "mzuri".